"Mlitoka Wapi?": Swali la Kwanza la Mwanahistoria na Masimulizi ya Kasulu na Kibondo

Makala haya yanahusu swali moja. Wenzangu wa historia watalitambua mara moja, kwa sababu kila aliyepanda basi kwenda kijijini kukusanya data ya tasnifu ya mwaka wa tatu amelibeba kwenye daftari lake, juu kabisa, namba moja: Je, ukoo wenu ulitoka wapi? Mimi mwenyewe nililiuliza kwa wiki sita, Kasulu na Kibondo, kwa wazee 21. Ninachodai hapa ni kwamba swali hilo, jinsi tunavyofundishwa kuliuliza, linaharibu majibu yote yanayofuata, na kwamba waliokuja kunifungua macho si walimu wangu wa historia bali ni wahakiki wa fasihi simulizi. Wahariri wa jarida hili walisita kidogo kupokea makala ya mtu wa historia. Niliwaomba wasome kwanza.

Kwanza tulitendee haki swali lenyewe, maana halikuanza kama swali baya. Katika miaka ya 1960, wakati Hugh Trevor-Roper wa Oxford anawatangazia watu kwamba Afrika kabla ya Wazungu haina historia ila giza, wanahistoria wa Dar es Salaam walikuwa na kazi ya haraka. Ilibidi waoneshe kwamba watu wa huku walikuwapo, walihama, walikaa, walifua chuma, walichemsha chumvi, walijenga tawala. Terence Ranger ndiye aliyekuwa profesa wa kwanza wa historia pale. Kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Kimambo na Temu mwaka 1969 kinafunguliwa na sura ya Sutton, na kazi ya sura hiyo ni kueleza jinsi nchi hii ilivyojaa watu. Kuuliza "mlitoka wapi?" siku zile kulikuwa ni kusema: mna mahali mlikotoka, mna safari, mna miaka. Lilikuwa swali la heshima.

Lakini sura ile ya kwanza ikawa desturi. Angalia tasnifu zilizopangwa kwenye rafu za idara yoyote ya historia nchini, uone zinavyoanza. Watu wako njiani. Wanatoka kaskazini au magharibi, wanavuka mto, wanagawanyika kwa ugomvi wa ndugu wawili, wanafika, wanatulia. Huo, jamani, ni ufunguzi wa utendi. Shujaa hawezi kuanza kazi kabla hajasafiri. Sisi tumeurithi ufunguzi huo kama vile ni kanuni ya sayansi, na hatujiulizi kama kila mahali panaweza kuubeba. Kasulu hapawezi. Kibondo ndiyo kabisa.

Mzee wa kwanza niliyemhoji anaishi upande wa Makere, si mbali sana na kijiji chetu. Ananijua tangu mtoto, na mama yangu humwita shemeji. Nilimkuta anaanika maharage. Tukazungumza Kiha karibu saa nzima: mvua, bei ya maharage ambayo walanguzi wameiangusha tena, kijana wake aliye Dar es Salaam na hapigi simu. Alikuwa msimulizi wa ajabu, mwenye kuiga sauti za watu mpaka mke wake anacheka huko jikoni. Nikaona huyu ndiye. Nikaweka simu juu ya kinu kilichofunikwa, nikabonyeza kurekodi, nikauliza swali namba moja.

Mzee alinyooka. Akavuta kanzu yake ikakaa sawa. Halafu akaanza kusema Kiswahili, Kiswahili cha mkutano: "Mimi ni Mtanzania. Nimezaliwa hapa. Baba yangu kazaliwa hapa, kaburi lake lile pale. Babu yangu kazaliwa hapa, kaburi lake liko kijiji cha zamani, huko tulikohamishwa na Operesheni. Baba alikwenda manamba Tanga, karatasi ninayo." Akamwita mke wake alete kopo.

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, limefungwa kwa nailoni. Ndani yake mlikuwa na kadi ya ubatizo, stakabadhi za kodi, kadi ya TANU, na kipande cha baba yake cha mkonge, kimekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka. Alizipanga juu ya mkeka moja moja, kwa mpangilio wa miaka, bila kutazama, jinsi mtu anavyopanga karata alizozichanga mara nyingi. Kisha akaninyamazia. Nilikuwa nimeuliza ukoo ulitoka wapi. Yeye alinijibu ukoo umezikwa wapi.

Usiku nilisikiliza tena, nikaandika pembeni: "Hajaelewa swali. Rudia." Naona aibu kuandika hilo sasa, lakini ndivyo nilivyoandika.

Kufika mzee wa saba, Kibondo, nilikuwa nimeacha kuandika "hajaelewa". Maana wote walikuwa wakifanya kitu kilekile, na watu saba wanaoishi mbali mbali hawawezi kukosea namna moja. Kila mmoja alihama kutoka Kiha kuingia Kiswahili pale pale kwenye swali, na kurudi Kiha likishapita. Kila mmoja alianza na tamko la uraia kabla ya jina la ukoo. Makaburi yalitajwa kwa mpangilio, ya karibu kwanza, na mkono ukanyooshwa kuyaonesha. Majirani waliitwa kwa majina waje wathibitishe, na walikuja kweli, wakasimama, wakatikisa kichwa. Na mwishoni, kopo, au mkoba, au sanduku. Mama mmoja wa upande wa Mabamba, karibu kabisa na mpaka, hakuwa na karatasi hata moja kwa sababu nyumba yake iliwahi kuungua. Akanionesha ukuta uliobaki na alama ya moto. Ukuta ule ndio ulikuwa kopo lake.

Mwanafunzi wa fasihi akisikia hayo atauliza swali ambalo sisi wa historia hatuulizi: huu ni utanzu gani? M. M. Mulokozi, katika makala yake ya "Tanzu za Fasihi Simulizi" yaliyotoka kwenye Mulika 21 mwaka 1989, anayagawa masimulizi makundi mawili, ya kubuni na ya kihistoria. Hayo ya pili anayaita salua, na ndani yake mna visakale, mapisi, tarihi, kumbukumbu na visasili. Nilikaa na orodha hiyo maktaba nikijaribu kuwapatia wazee wangu nafasi. Si visakale, hamna shujaa. Si mapisi, maana mapisi yanakwenda mbele na haya yanarudi nyuma kaburi kwa kaburi. Tarihi, labda, kwa ajili ya mpangilio wa miaka. Kumbukumbu, lakini kumbukumbu ya nani ikiwa watu 21 wanakumbuka kwa umbo moja?

Kitu cha maana kwa Mulokozi, hata hivyo, si orodha ile bali kigezo alichokitumia. Anataka utanzu utazamwe kwa sifa zake za ndani pamoja na muktadha wake, yaani fanani, hadhira, tukio, mahali. Nikarudi kwenye rekodi zangu nikauliza: hadhira ni nani hapa? Nilidhani ni mimi. Kumbe mimi nilikuwa nimekalia tu kiti cha mtu mwingine. Mzee wa Makere alikuwa anamwambia mtu mwenye mamlaka, asiyekuwapo uani pale, lakini ambaye amewahi kumwuliza maneno yale yale kwa mpangilio ule ule: wewe ni nani, baba yako ni nani, babu kazikwa wapi, nani anakufahamu, karatasi ziko wapi. Nilichorekodi kwa wiki nzima kilikuwa utetezi. Ni utanzu wenye kanuni zake, wenye mianzo yake maalumu, na wenye fanani hodari na fanani wabovu. Umezaliwa kwenye madirisha ya ofisi, na watoto wanaurithi wakiwa wamekaa kando ya mkeka wakisikiliza.

Sikupaswa kushangaa. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama mbele ya dirisha kama hilo, katika ofisi fulani, nikiwa na cheti cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa na barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Aliyekaa ndani alisoma jina langu, akaniangalia, akasema niseme sentensi mbili kwa Kiha asikie lafudhi. Nikasema. Akanitaka niseme tena, pole pole. Wanafunzi wenzangu waliotoka Iringa na Lindi hawajui mtihani huo. Nami baada ya hapo, bila kufikiri, nikapiga simu ya kurekodi nikaenda kumfanyia mzee wa watu kitu hicho hicho, na barua ya utambulisho ya chuo yenye mhuri mfukoni!

Hebu sasa tutazame kwa nini swali hili lina uzito huko kuliko kwingine. Chukua mtu aliyezaliwa Heru mwaka 1915. Kazaliwa chini ya Wajerumani, ndani ya koloni moja na Burundi, kwa hiyo siku hiyo hapakuwa na mpaka wa kimataifa kati yake na shangazi yake aliyeolewa ng'ambo ya vilima. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia na kuishika Kigoma pamoja na Buha. Mwaka 1921 Wabelgiji wakawaachia Waingereza. Huyo mtoto ana miaka sita, ameshatawaliwa na mataifa matatu, na hajatoka uani kwao. Shangazi amekuwa mgeni bila kuhama hatua moja. Lugha ya huku na ya kule zinasikilizana. Majina ni yale yale. Watawala wa Heru na Muhambwe waliitwa wami, sawa na wa kule. Hata Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru katika miaka ya mwisho ya ukoloni, anabeba jina ambalo wafalme wa Burundi nao walilibeba.

Halafu yakaja makundi ya wakimbizi. Mwaka 1972, kutokana na mauaji ya Burundi, ambapo wengi wao walipelekwa Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Mwaka 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye. Wakongo, ambao kwa ajili yao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996. Mwaka 2015 tena, kutoka Burundi, hata kambi za Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya, na hiyo ya Mtendeli ikafungwa mwaka 2021. Kila wimbi liliwaacha wenyeji na deni la kuthibitisha kwamba wao siyo wimbi. Oktoba 2014 serikali ilitangaza uraia kwa watu zaidi ya 160,000 waliotokana na wakimbizi wa 1972 wa yale makazi matatu. Mzee mmoja wa Kibondo aliniambia, kwa Kiha, simu ikiwa imezimwa, kwamba siku ile aliwaonea wivu. "Wao wamepewa cheti," alisema. "Mimi nilizaliwa tu."

Kuna kitabu kimoja kinachopaswa kusomwa na yeyote anayekwenda kuhoji watu huko, nacho ni Purity and Exile cha Liisa Malkki, kilichotoka mwaka 1995. Malkki alifanya utafiti miaka ya 1985 na 1986 kati ya wakimbizi wa 1972, baadhi yao wakiwa kwenye makazi ya Mishamo na wengine mjini Kigoma. Kwa mhakiki, kitabu kile ni hazina kwa sababu kinafanya jambo ambalo wanahistoria wengi hawathubutu: kinayaacha masimulizi yasimame yenyewe, kwa marefu na mapana, bila kuyakatakata kuwa nukuu za mistari miwili. Malkki anaona kwamba watu wa Mishamo walikuwa wamejenga simulizi moja ya pamoja, yenye mwanzo, uovu na ahadi. Anaiita kwa neno ambalo mimi ningelitafsiri "historia-kisasili", na anakataa kuipima kwa rula ya ukweli na uongo tu. Anauliza inafanya kazi gani kwa wasimulizi wake. Mjini Kigoma, kwa upande mwingine, alikuta hakuna simulizi kama hiyo. Watu walijichanganya, walijiita hivi leo na vile kesho, walikuwa hawapendi kuulizwa.

Namkubali kwa Mishamo. Kwa Kigoma mjini nina shaka, si na data yake bali na usikivu. Palipokosekana simulizi, yeye anaona uhuru fulani, watu waliokataa kufungwa na kabila wala taifa. Inawezekana. Lakini mtu aliyekulia Kasulu anausikia ukimya ule kwa namna nyingine. Ukimya nao una fani. Una mahali unapoanzia, una maneno ya kuuzungushia, una vichekesho vya kumhamisha muulizaji. Nimeusikia tangu utotoni mezani kwetu. Na kuna jambo la pili. Katika kitabu chote, Waha wapo kama mandhari, kama watu ambao wakimbizi wanaweza kujificha kati yao. Hakuna anayeuliza mandhari inajisikiaje. Najua si kitabu chao, na kumdai mwandishi kitabu ambacho hakukiandika ni uhakiki wa kivivu. Nalitaja kwa sababu pengo hilo ndilo nilikotaka kuingiza tasnifu yangu.

Basi nilibadilisha swali. Kuanzia mzee wa kumi na mbili niliacha "mlitoka wapi" nikauliza, "Mlihamishwaje?" Nilikuwa nalenga Operesheni Kigoma ya 1972, iliyowatoa watu kwenye maboma yao ya vilimani na kuwapanga kwenye vijiji vya barabarani, hata kabla ya amri ya nchi nzima ya mwaka 1973. Mambo yakafunguka. Watu walisimulia Kiha mwanzo hadi mwisho. Waligombana wenyewe kwa wenyewe kuhusu ni gari la nani lilibeba paa la nani. Mama mmoja aliniimbia wimbo waliokuwa wakimwimbia bwana shamba, na siuandiki hapa kwa sababu ana wajukuu kijijini. Walinieleza migomba iliyoachwa ikizaa bila mtu, na kwamba wengine walirudi usiku kuvuna mashamba yao wenyewe kama wezi. Nikafurahi sana. Nikajiona nimepata ufunguo, na nikaandika kwa kalamu ya rangi: swali jema huzaa ushahidi mwema.

Furaha hiyo ilidumu mpaka niliporudi chuoni na kusoma tena Gamba la Nyoka cha Kezilahabi, cha mwaka 1979. Kila mmoja wetu wa fasihi amekisoma. Uhamishaji mle una hasira. Wanakijiji wanapinga, nguvu inatumika, na kejeli ya mwandishi haimwachi mtu, hata wasomi wanaorudi kutoka masomoni kuja kuongoza. Nikalinganisha na rekodi zangu za Kasulu. Mambo yaliyotendeka yanafanana, lakini hasira iko wapi? Wazee wangu walisimulia kuchomewa nyumba kwa sauti ambayo, sijui nisemeje, ilikuwa karibu na majivuno.

Nilisikiliza mara tatu ndipo nikausikia mstari uliokuwa ukirudi karibu kwa wote, kwa maneno tofauti kidogo. Serikali ilituhamisha sisi. Ilitupa namba za viwanja. Mgeni hapewi kiwanja. Kumbe! Na wale waliovuka mpaka mwaka huo huo wa 1972 walipakiwa wakapelekwa makazi ya mbali, ilhali hawa walipangwa kijijini. Kuhamishwa kwa nguvu na serikali yako ni ushahidi kwamba ni serikali yako. Operesheni, ambayo kwa Kezilahabi ni jeraha, kwa mzee wa Kasulu imegeuka kuwa karatasi nyingine ndani ya kopo. Nilidhani nimetoka kwenye utanzu wa utetezi. Nilikuwa nimeingia chumba chake cha ndani.

Hapo nadhani ndipo historia peke yake inaposhindwa na uhakiki unapohitajika. Mwanahistoria akizipokea rekodi zile kama zilivyo, ataandika kwamba vijiji vya Operesheni havikuchukiwa sana Kigoma. Ataweka na takwimu: kati ya wazee 10, hakuna aliyeonesha chuki ya wazi. Itakuwa kweli, na itakuwa upuuzi. Mhakiki anajua kwamba sauti ya msimulizi haijitoshelezi bila yule anayesemeshwa. Chuki ipo, lakini haiwezi kusemwa mahali ambapo malalamiko yako ndiyo cheti chako.

Mwenzangu mmoja wa darasani, mtu ninayemheshimu, alinipinga kwenye semina. Alisema: ukianza kuchagua maswali kwa kuwahurumia watu, hiyo siyo historia tena, ni ustawi wa jamii. Watu walihama kweli. Koo zina asili. Mwanahistoria anayeogopa kuuliza kwa sababu jibu linaweza kumletea mtu matatizo atafanya nini siku akiandika juu ya biashara ya utumwa, au mauaji? Hoja hii ni nzito na sitaki kuirukia. Nakubali kwamba koo zina asili, na kwamba nyingi za Buha ziliingiliana na za Burundi, kwa ndoa, kwa njaa, kwa ng'ombe waliokopeshwa. Nisichokubali ni kwamba asili ndiyo mlango pekee. Jan Vansina, ambaye sote tunafundishwa kumnukuu, alifanya kazi Rwanda na Burundi, na kitabu chake cha 1972 juu ya masimulizi ya Burundi kinaonesha kwamba kule hapakuwa na wataalamu wa ikulu wa kutunza historia kama walivyokuwapo Rwanda. Yaani alikuta nchi mbili jirani, zilizofanana mengi, lakini zenye namna mbili za kuhifadhi yaliyopita, na ilimbidi asikilize umbo kabla ya habari. Sisi tunamnukuu Vansina kwenye sura ya mbinu, halafu tunakwenda uani kwa watu na dodoso lenye namba.

Milango mingine ipo. Michele Wagner, katika sura yake kwenye kitabu Custodians of the Land cha mwaka 1996, anaitazama Buha ya karne ya 19 na mwanzo wa 20 kupitia uhusiano wa watu na ardhi na nguvu zilizoaminika kukaa humo. Ukienda kwa njia hiyo unakutana na wateko, wale wazee wa ardhi ambao walikuwapo chini ya wami na wakati mwingine kabla yao. Chumvi ya Uvinza ni njia nyingine. Utafiti wa Sutton na Roberts uliochapishwa mwaka 1968 ulionesha imechemshwa pale kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi haiulizwi babu yake kazikwa wapi. Manamba nayo. Vijana wa Kasulu na Kibondo walisafiri kwa maelfu kwenda kwenye mkonge, na tangu 1944 waliandikishwa na SILABU, jina ambalo wazee bado wanalitamka kama jina la mtu. Muulize mzee "SILABU alikuwaje?" utacheka mpaka jioni. Lakini baada ya yale niliyoyaona kwenye Operesheni siapi tena kwamba kuna swali lisilo na dirisha nyuma yake. Kile kipande cha mkonge kilikuwa ndani ya kopo pia.

Rasimu yangu ya kwanza ya tasnifu haikuwa na sura ya chimbuko. Ilirudi na wino mwekundu: "Chimbuko la Waha liko wapi? Huwezi kuandika historia ya watu bila kueleza walikotoka." Nikaongeza kurasa nne kutoka vitabuni, zisizo na neno hata moja la wazee wangu. Zilipita. Maksi nilizopata hazikuwa mbaya, wala si zile nilizozitaka.

Sijasema habari za mzee wa ishirini na moja. Alikuwa bibi yangu, mama wa mama. Nilimwacha wa mwisho kwa sababu niliamini yeye hatanifanyia utetezi. Nilikosea kidogo tu. Alianza nao, neno kwa neno, mpaka mahali pa makaburi, akasimama hapo. Akaniangalia kwa muda. Akasema, "Zima hiyo simu, mjukuu wangu." Nikazima. Akasema aiweke mbali. Nikaipeleka chumba cha pili. Ndipo akanisimulia, kwa sauti ya kawaida ya kumenyea muhogo, ukoo wake ulitoka wapi, nani alikuja na nani, na mwaka gani.

Simulizi ile ni nzuri kuliko zote 20 nilizozirekodi. Ina umbo, ina safari, ina mto wa kuvuka. Ingekuwa sura ya kwanza ya kupendeza kabisa. Msomaji mwerevu atadhani ameshaelewa imekwenda wapi na imetokea wapi. Nakushauri usidhani. Huenda alitaja ng'ambo ya mpaka, huenda alitaja kilima kinachoonekana kutoka mlangoni kwake na aliyekuwa anamlinda ni jirani. Haimo kwenye tasnifu, haimo humu.

Nilipomaliza chuo nilimpelekea nakala moja, ile yenye jalada gumu la bluu na maandishi ya dhahabu. Bibi hasomi. Alinitaka nimwoneshe jina la ukoo liko wapi, nikamwonesha kwenye ukurasa wa shukrani, na neno Kasulu kwenye jalada. Alipitisha kidole juu ya zote mbili. Kisha akavuta sanduku la chini ya kitanda, akatoa mkoba wa karatasi zake, akaijaribisha tasnifu kuona kama inaingia. Haikuingia, ikabidi aiweke kando ya mkoba. Kabla ya kufunga kifuniko aliifungua tena, akageuza kurasa za mwanzo moja moja, akaniuliza mbona haina mhuri.